Mkono Uliokuwa Chini ya Rangi

Shangazi yangu ni mwandika vibao, na mtaa wetu ni wa watu wa kuja. Kila aliyeshuka na sanduku lake alifungua duka, akaandikiwa kibao, akazeeka, akaondoka. Siku hizi wanaoshuka ni wasanii. Duka la mikate limekuwa ukumbi wa maonyesho, na ukuta niliokuwa nikikojolea utotoni umechorwa jicho kubwa. Sasa unanitazama.

Kazi alifundishwa na mumewe. Siku moja mume huyo alikwenda kwao, ng'ambo ya mpaka, kumzika mama yake. Hakurudi; barua hakuna, kaburi hakuna. Kilichobaki ni mwandiko. Kila kibao kilipochakaa, Shangazi alipanda ngazi akapitisha brashi juu ya herufi zilezile za mumewe, polepole, kama anayemnawisha mgonjwa. Miaka ishirini na sita. Herufi ya mwisho ya kila jina ilikuwa na mkia uliojikunja kwa ndani. Waliokuja kumposa aliwaonyesha mkia ule. "Huyo hapo, bado yupo." Wakaaga.

Juzi binti mwenye ukumbi, nywele kanyoa upande mmoja, alimjia kuhusu kibao cha duka la mikate, ambacho bado kiko juu ya mlango.

"Mama, naomba ukikwangue taratibu. Tuone mkono wa aliyeandika kwanza."

Kwa Shangazi, kuikwangua rangi yake mwenyewe kulikuwa kumwona mumewe uso kwa uso, au kumpoteza, maana rangi kuukuu haibanduki peke yake.

"Kama unaogopa, nikwangue mimi," nikamwambia.

"Wewe diploma tu imekushinda, utaweza kibao? Shika ngazi."

Alikwangua kwa kisu chembamba, pumzi kwa pumzi. Nyekundu yake ikatoka. Chini ikaja buluu, rangi ya mumewe, na mkia wake. Shangazi akaugusa kwa kidole. Kipande cha buluu kikadondoka, na chini yake palikuwa na kahawia. Mkia uleule. Chini ya kahawia, nyeusi. Mkia uleule.

"Kumbe naye alikuwa anafuatisha," binti alisema. "Sasa huyu wa chini ni nani?"

"Sijui. Inaelekea nimekuwa mjane wa mtu nisiyemjua."

Nilicheka. Yeye hakucheka, nikaacha.

Binti alitaka kibao kibaki hivyohivyo. Shangazi akamwambia akitundike ndani. Nje angeandika kipya, ubao mtupu, jina la ukumbi, kwa mwandiko wake mwenyewe, mkia hakuna. Kesho yake akapanda ngazi, akapiga mistari ya chaki, akaanza. Herufi zake zilisimama wima, ngumu, kama watu walio kwenye foleni wasiojuana. Miaka yote naishi naye, sikuwahi kuuona mwandiko wake.

Alipofika herufi ya mwisho, mkono ukajikunja kwa ndani.

Akafuta kwa kitambaa cha mafuta ya taa, akaandika tena. Ukajikunja tena. Mara ya tatu alikishika kiwiko chake kwa mkono wa kushoto, akakikaza, na bado niliiona brashi ikivutwa.

"Umenitikisa?"

"Nimeishika ngazi kwa mikono miwili, Shangazi."

Hakutazama nyuma. Aliumalizia mkia, akaupitisha mara ya pili usije ukafifia, kisha akashuka akijibana upande mmoja wa ngazi, kama anayempisha mtu.