Safu ya Jina la Mama

Tata, yaani baba yangu, alinisomesha uinjinia akitaka kitu kimoja: daraja. Kati ya boma letu kule Manga na kituo cha kuuzia majani chai kuna kijito ambacho mvua ikinyesha hugeuka mto, na yeye alikuwa amekivuka na kikapu mgongoni tangu chai ipandwe kwetu. Kwa hiyo nilipoitwa chuo kikuu Nairobi, aliwatangazia wazee wenzake kanisani kwamba daraja liko njiani.

Chuoni nilisoma madaraja kweli, nguzo zake na nondo zake. Lakini mwaka wa mwisho tulipelekwa kuona kompyuta, mashine iliyojaa chumba kizima, nikaipenda papo hapo. Unatoboa kadi matundu, unailisha mashine, nayo inakutii neno kwa neno. Mimi ni kitinda mimba. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kunitii.

Nikaajiriwa na ofisi ndogo ya mjini iliyofanya kazi za kompyuta kwa niaba ya wengine. Nilipokwenda kumweleza Tata, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na hiyo programu, mtu anaweza kuishika?"

Nikasema hapana.

"Kuivuka je?"

Nayo hapana. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Kuanzia siku hiyo nilitamani sana aone kwamba karo yake sikuitupa mtoni.

Kazi ya kwanza niliyoachiwa peke yangu ilikuwa orodha ya wakulima wa chai, wa kwetu wakiwemo. Madaftari ya zamani yalikuwa na majina tu, na sasa mashine ilitakiwa impe kila mkulima nambari. Nikaona mistari mingi imerudiwa: jina la mtu, la baba yake na la kijiji, sawasawa. Nikawacheka makarani, nikasema hawa waliandika wakisinzia. Nikatunga programu: mistari miwili ikifanana, bakiza mmoja, tupa wa pili. Mkubwa wangu akanipa mkono wa pongezi, nami nikajiona nimefika. Nyani haoni kundule.

Maana mimi, mtoto wa Mgusii, nilijua vizuri kabisa tunavyopeana majina. Mtu akifa, jina lake hurudi kwa watoto. Babu yangu alikuwa na wake wawili. Baba yake alipofariki, wake wote wawili walikuwa wajawazito, wakajifungua wana, na hakuna nyumba iliyokubali kuiachia nyumba nyingine jina la mzee. Hivyo Tata na baba yangu mkubwa wana jina moja, baba mmoja na kijiji kimoja, na hakuna aliyewahi kuwachanganya. Ukimtaka mmoja wao, unamtaja kwa mama yake.

Orodha mpya ilipoanza kutumika nilikuwa nyumbani kwa likizo. Tata alirudi kutoka kituoni na kikapu kimejaa vilevile, majani yameanza kunyauka. Karani alikuwa amemwambia jina liko moja tu na mwenye jina hilo ameshapima. Baba mkubwa alimsihi apime kwa nambari yake, akakataa. Alitua kikapu, akaketi kwenye kigoda, akasema taratibu, "Basi mimi sipo."

Nilitamani ardhi inimeze. Ningeweza kuwasingizia makarani, na Tata asingejua kamwe.

"Tata," nikasema, "aliyekufuta ni mimi."

Nikamweleza yote. Alinitazama sana.

"Mashine yenu haikuuliza mama wa mtu?"

"Haikuuliza."

"Ni wewe hukuiambia iulize."

Mzee wangu, ambaye kompyuta hakuwahi kuiona, alikuwa ameielewa programu kuliko mimi.

Nilirudi Nairobi kesho yake, likizo haijaisha. Nikakiri kosa kwa mkubwa wangu nikidhani ninaaga kazi. Alifoka, kisha akaniamuru nirekebishe. Kadi moja ilikuwa na nafasi ya herufi themanini tu, na karibu zote zilikuwa zimejaa. Nikafupisha majina ya vijiji, nikabana hapa na pale, hadi nikapata safu moja nyembamba ya jina la mama. Makarani wakapita upya kuwauliza wakulima mama zao ni akina nani. Wiki hizo zote Tata alipima chai kwa nambari ya kaka yake, shingo upande.

Orodha ilipochapishwa, ukurasa wa kijiji chetu niliupeleka mwenyewe. Tata alisoma polepole kwa kidole. Alilipita jina lake, akalipita la babu, akafika kwenye safu yangu, kidole kikasimama. Bibi, mama yake Tata, alikufa kabla ya mambo ya vitambulisho. Hakubatizwa, hakusoma, na hakuna kitabu kilichowahi kumtaja. Tata akaniomba ile karatasi iwe yake. Aliikunja, akaiweka ndani ya Biblia.

Sabato iliyofuata, nje ya kanisa, nilimsikia mzee mmoja akimuuliza daraja limefikia wapi.

"Achana na daraja," Tata akamjibu. "Huyu mtoto amemwandika mama yangu."