Aliyepita kwenye Kichuguu

Siku Ketiwe alipoolewa na Jairos Mhani, wanawake wa ukoo walimpeleka nyuma ya zizi, penye kichuguu kikubwa walichokuwa wamekitoboa tundu kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Walikuwa wamekwisha kumnyoa nywele zote. Dadirai, dada yake Jairos, ndiye aliyeshika wembe, na ndiye aliyemsukuma nyayo alipokwama katikati ya tundu, udongo umemjaa kinywani.

"Tambaa, wifi," Dadirai alimwambia huku akicheka. "Ukirudi nyuma utabaki msenzi, na kaka yangu atalala njaa."

Msenzi kwa Walemba, kabila la kina Jairos, ni mtu yeyote asiye wa kwao, na msenzi hampikii Mlemba. Ketiwe alitambaa. Alipochomoza upande wa pili walimwogesha mtoni, wakampigia vigelegele, wakamwambia kwamba binti wa ukoo wa Simba amefia ndani ya kichuguu, na aliyetoka ni mtu wa nyumba ya Mhani, uzao wa wale waliotoka Israeli zamani za kale. Aliliamini neno hilo kuliko jambo lolote aliloambiwa kabla yake.

Tena aliliishi. Nyama haikuingia katika chungu chake mpaka iwe imechinjwa kwa kisu cha Jairos au cha mwanamume mwingine wa ukoo aliyetahiriwa. Mama yake mzazi alipofariki, ndugu zake walichinja ng'ombe wa matanga, naye akaketi pembeni na kisufuria cha mboga alichotoka nacho kwake. Kaka yake alimsogelea na sahani mkononi.

"Hata leo, Ketiwe? Hata kwa mama unatuona wachafu?"

"Siwaoni wachafu, kaka. Ndivyo nilivyo sasa."

"Basi kalie huko kwenu," kaka yake alisema, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwa Jairos.

Walijaliwa mtoto mmoja tu, Rabson. Shuleni watoto walipewa uji uliochanganywa na mafuta ambayo hakuna aliyejua yametoka kwa mnyama gani, kwa hiyo kila adhuhuri Ketiwe alivuka makorongo ya Mberengwa akimpelekea mwanawe ugali wa mtama. Wenzake walimtania kijana kwamba bado ananyonya. Yeye alikula kimya, mgongo umeegemea magoti ya mama yake.

Kijana huyo alikua, akaenda mjini, na huko akakutana na walimu kutoka ng'ambo waliokuwa wakiwafundisha Walemba sala na sheria za Kiyahudi. Aliporudi likizo alikuwa na kofia ndogo utosini na jina jipya, Elazari. Alikikagua chungu cha mama yake kama afisa wa afya.

"Mama, maziwa na nyama havipikwi katika chombo kimoja. Tenga vyombo."

Ketiwe alivitenga. Aliona fahari kwamba mwanawe anaijua sheria kumpita. Alipoambiwa moto hauwashwi siku ya Sabato, alianza kupika Ijumaa. Hakuna kitu alichoambiwa akakikataa.

Kisha zikaja habari kwamba mkuu wa walimu hao, Bwana Gershon, anakuja kijijini kumchagua kijana mmoja atakayepelekwa ng'ambo kusoma. Mchana wa siku moja kabla ya ujio wake Rabson aliwaita baba yake na shangazi yake chini ya ukingo wa paa la ghala, halafu akamwita mama yake. Ketiwe alikuja akijifuta unga mikononi.

"Mama," Rabson alisema, "kesho Shangazi atakaa nami mbele."

"Na akae. Si shangazi yako?"

Rabson alimtazama baba yake. Jairos alikuwa akikwangua matope kwenye kiatu chake kwa kijiti, na hakuinua kichwa.

"Atakaa kama mama yangu," Rabson alisema. "Kwa walimu wetu, uzao hufuata mama. Mama akiwa msenzi, mtoto naye ni msenzi, hata baba yake awe nani."

"Kwani mimi ni msenzi?"

"Kwao ndivyo."

"Nawauliza ninyi. Dadirai, wewe ulininyoa. Mimi ni msenzi?"

"Usinipandishie sauti, wifi. Ni maneno ya kesho tu. Nitakaa kwenye kiti, nitachekacheka, mgeni ataondoka. Wewe utabaki na mwanao."

"Na mama yako wewe je? Si alipita kwenye kichuguu kama mimi? Mkwe wangu alinisimulia mwenyewe, huku akinisugua mgongo nilipojifungua huyu."

Dadirai alijifunga upya kanga kiunoni. "Mama yangu amekufa. Wafu hawaulizwi maswali."

Ketiwe alimgeukia mwanawe. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nizamisheni tena mtoni basi, kama walimu wenu wanavyowaingiza wageni katika dini. Nilitambaa kwenye udongo, maji ndiyo yatanishinda?"

"Ukizamishwa utakuwa unaanza, Mama, na mimi nianze pamoja nawe. Hiyo ni miaka. Nafasi ni ya sasa."

"Baba Rabson?"

"Mtoto asome, Mama Rabson," Jairos alisema, macho yangali kwenye kiatu.

"Sijakubali," Ketiwe alisema, akarudi jikoni. Wao walimwona amerudi jikoni, wakahesabu kwamba amekubali.

Kesho yake darasa la shule lilijaa. Bwana Gershon, mzee mwembamba mwenye ndevu za kijivu, alikaa mbele, kulia kwake Rabson aliyekuwa akimtafsiria, kushoto Dadirai ndani ya gauni la bluu. Gauni lilikuwa la Ketiwe. Alikuwa amelitafuta asubuhi nzima.

Alisimama mlangoni na aproni yake, akamsikia mgeni akimpongeza Dadirai kwa kumlea kijana mcha Mungu. Dadirai aliinama, mikono kifuani, kama aliyezoea kusifiwa kwa jambo hilo. Ketiwe aliwatazama majirani. Kulikuwa na mkunga aliyempokea Rabson. Kulikuwa na wale waliosoma naye, waliomcheka kwa ugali wa mama. Kila aliyekutana na macho yake alipata kitu cha kutazama sakafuni.

Akaingia. Alipita katikati ya madawati hadi mbele, akapiga magoti na kupiga makofi polepole kama inavyompasa mwanamke anayemsalimu mgeni.

"Mzee," alisema kwa Kikaranga, lugha ya hapo kijijini, "mimi ni Ketiwe, mke wa Jairos. Huyu nimemzaa mimi. Nilipita kwenye kichuguu ili nimzae ndani ya ukoo huu, na sijala cha haramu tangu hapo. Ukimkataa kwa ajili yangu, mkatae. Lakini ujue mama yake ni nani."

Mgeni alitabasamu, hakuwa ameelewa neno, akamgeukia Rabson akingoja tafsiri.

Ketiwe pia alingoja. Kiingereza chake kilikuwa cha shule ya msingi, lakini kilitosha. Jasho lilikuwa limemtoka kijana juu ya mdomo, palepale lilipokuwa likimtoka utotoni kila alipougua homa, na kwa muda mfupi mama yake aliamini kwamba atasema.

"Anasema chakula kiko tayari," Rabson alitafsiri.

Darasani walikuwamo walimu, muuguzi, na vijana waliomaliza kidato cha nne. Wote walisikia maneno ya kwanza na wakasikia ya pili. Mmoja alikohoa. Jairos ndiye aliyesimama wa kwanza. "Twendeni tukanawe," alisema, na viti vikaanza kukwaruza sakafu.

Bwana Gershon alimshukuru mpishi kwa kuinamisha kichwa. Nje alinawa mikono, akatoa kopo la samaki mfukoni, akala hilo. Mbuzi aliyechinjwa na Jairos hakumgusa.

Rabson alichaguliwa. Aliondoka mwezi uleule, na siku ya kuaga alimkumbatia mama yake muda mrefu. Ketiwe aliiacha mikono yake ining'inie.

Hakuhama, maana kwa kaka yake alikwisha kuufunga mlango yeye mwenyewe. Anampikia Jairos na kumtengea, kisha yeye mwenyewe hula upande wa pili wa ua. Jairos alimwuliza mara moja kwa nini hawali pamoja tena.

"Mlemba hali na msenzi," alimjibu. "Hata kwenu hilo mmelisahau?"

Juzi Rabson alipiga simu ya video. Jairos aliishika, wanawake wakakusanyika. Nyuma ya kijana walionekana wenzake mezani, wenye kofia ndogo kama yake. Alimsalimu baba yake kwa Kiingereza, wenzake wakisikia. Akamsalimu Dadirai, "Mama." Kisha akamwona Ketiwe kando, akasita.

"Shangazi, hujambo?"

Ketiwe aliichukua simu mikononi mwa mumewe, akamtazama mwanawe vizuri. Alikuwa amenenepa kidogo.

"Sijambo, mwanangu," alisema kwa Kiingereza, polepole, ili wote mezani wasikie. "Mimi ndiye mama yako."

Akairudisha simu kwa Jairos bila kungoja jibu.