Chumvi Ilipokatazwa Kupanda Treni

Siku yangu ya kwanza kwenye stesheni ya Kindu, mkuu wa stesheni aliniweka kwenye baskili, ule mzani mkubwa wa kupimia magunia, na akanifundisha habari za chumvi kabla ya kitu kingine. Chumvi hula chuma, kwa hiyo behewa lake hutandikwa mikeka na hufagiwa mara mzigo ukishashuka. Ninyi vijana wa Goma mmekua bila reli. Mimi treni bado naisikia, hasa asubuhi ukungu wa ziwa unapopanda hadi kibarazani kwangu hapa Himbi.

Vita vilipofika, mkuu alitukusanya.

"Chumvi haitapanda tena treni," alisema. "Komanda anasema inaenda kulisha batu ya pori, wale waasi. Mwenye atapakia, ni kufungwa buloko."

Mji mzima ukala chakula chapwa. Mama yangu, aliyekuwa mzee tayari, alisukuma sahani siku baada ya siku. Alikonda nikimtazama, na niliogopa sana kumpoteza.

Lakini amri ilitaja chumvi, haikutaja samaki. Wamama wa Kalemie wakaanza kutuma makayabu, samaki wakavu wa chumvi, ila safari hii waliwafukia kwenye chumvi hata mikia haikuonekana. Nilipoweka kikapu cha kwanza kwenye baskili, mkuu aliinama akachungulia.

"Huyu samaki amevala koti muzito," alisema, akiniita papa, yaani baba, kama tulivyoitana kazini. "Pima tu, papa. Pengine kwao kuko baridi."

Nilinunua kikapu kimoja, nikawaosha wale samaki, nikachemsha maji yake mpaka sufuria ikabaki na ukoko mweupe. Mama alilamba kidole, akafumba macho kwa muda mrefu.

"Na majirani?" aliuliza.

Majirani wakaja na vipande vya majani ya mgomba, kila mmoja akapata kidogo. Mwisho wa mstari alisimama askari aliyekuwa akikagua mabehewa yetu. Niliisogeza sufuria nyuma yangu.

"Mama, na mimi," alisema, jani mkononi. "Muke yangu amezala mutoto, anakataa kula."

Mama akampimia sawa na wengine.

Nimestaafu sasa, na kazi ile naipenda bado. Mchana nasinzia kitini, treni inaingia taratibu, na askari yule anafungua behewa la makayabu, ananusa, anaurudisha mlango, kama alivyofanya kesho yake.

"Ni samaki tu, papa," ananiambia. "Ipite."