Nafasi Iliyokosa Mtu

Uhuru ulipokuwa bado mchanga nilikuwa karani katika ofisi ya elimu, Kwale. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita katika shule ya bweni ya wasichana Mombasa, na siku zile aliyefika kidato cha sita hakukaa nyumbani hata mwezi mmoja. Kila ofisi ilikuwa na kiti kilichoachwa na Mzungu aliyerudi kwao, na kila mkuu wa ofisi alikuwa akitafuta mtu wa kukikalia. Mimi nilipewa meza ya dirishani, mashine ya chapa ambayo herufi moja yake ilikuwa ikikwama, na ufunguo wa kabati la majalada. Siku za kazi nililala kwa shangazi yangu pale pale Kwale, na Jumamosi mchana nikateremka kwetu Msambweni. Nilijiona nimefika.

Jumatatu moja akaingia kijana mmoja wa bara, amevaa tai, viatu vimejaa vumbi jekundu la njiani. Alisema ametumwa na chuo kikuu cha Nairobi. Akaniwekea karatasi mezani.

"Natafuta hawa watu watatu," alisema. "Chuo kimewapa nafasi na hakuna hata mmoja aliyejibu."

Niliisoma ile karatasi. Jina la kwanza lilikuwa la mvulana wa Kinondo niliyemfahamu. Alikuwa keshaajiriwa na benki Mombasa. La pili lilikuwa la msichana aliyekuwa ameolewa Tanga. La tatu lilikuwa langu.

"Huyu wa tatu ni mimi," nilisema.

Alinitazama, kisha akaitazama karatasi, kama mtu anayeogopa kutaniwa.

"Kwa nini hukujibu? Tumekuandikia barua tatu."

"Sikupata hata moja."

Alivuta kiti akakaa bila ya kukaribishwa. Alinieleza kwamba ilikuwa hivyo pwani nzima. Chuo kilikuwa na walimu, kilikuwa na mabweni mapya, na serikali ilikuwa tayari kuwasomesha vijana bure, lakini kila alipofika aliambiwa fulani yuko bandarini, fulani yuko posta, fulani baba yake amekataa. Katika bweni la wasichana kulikuwa na vitanda vilivyotandikwa ambavyo havijalaliwa na mtu.

"Kitabu cha kuandikisha kinafungwa Ijumaa, saa kumi," alisema. "Baada ya hapo sina la kufanya."

Niliomba ruhusa kwa mkuu wangu, tukateremka Msambweni kwa gari la chuo mchana ule ule. Njiani niliziwaza zile barua. Barua zote za nyumbani kwetu zilipitia sanduku la posta la duka moja, na mwenye duka alizikabidhi kwa baba yangu mkono kwa mkono.

Baba alikuwa fundi wa kanzu. Tulimkuta barazani kwenye cherehani, pini mdomoni. Mgeni alimwamkia, "Shikamoo, mzee," kwa sauti kubwa kama aliyefundishwa neno hilo asubuhi ile, na baba akaitikia marahaba, akamwita mama alete madafu. Mgeni alipokwisha kunywa akaeleza lililomleta. Alipozitaja zile barua tatu, baba alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. Kisha akavuta mtoto wa meza ya cherehani akazitoa zile barua. Mbili zilikuwa hazijafunguliwa.

"Kiingereza sikijui," alisema, akinitazama mimi. "Lakini nilijua ni nini. Nilikuwa nikingoja muda wake upite."

Nilikuwa sijawahi kumjibu baba yangu vibaya, na siku ile pia sikuweza. Nilisema tu, "Baba, zilikuwa zangu." Mama alisimama mlangoni, bilauri tupu mkononi, na nikaona kwamba naye alikuwa hajui.

"Zilikuwa zako," baba alisema. "Nimekosa. Lakini niacheni niulize, kwa kuwa mwenyewe wa chuo yupo." Akamgeukia mgeni. "Atakula nini huko?"

"Chakula kizuri, mzee. Nyama kila siku."

"Iliyochinjwa na nani?"

Mgeni alianza kupekua karatasi zake.

"Na akifa, nani atamwosha?"

Mimi nilijua swali lile lilitoka wapi. Ndugu wa baba, tumbo moja, alikwenda kufanya kazi ya reli huko bara nikiwa mdogo. Habari za kifo chake zilifika Msambweni yeye keshazikwa siku nyingi, na mpaka leo hakuna aliyetwambia nani alimwosha wala kama aliswaliwa. Baba hakulizungumza jambo hilo nyumbani. Siku ile ndipo nilipotambua kwamba hakupata kuliacha.

"Sijui, mzee," mgeni alisema mwishowe. "Sijawahi kuulizwa." Nilidhani atazikusanya karatasi zake aondoke. Badala yake akasema, "Mimi nikisema ndiyo, utajuaje kama ni kweli? Njoo naye uulize mwenyewe. Nauli yako chuo kitalipa. Usiporidhika, mrudi nyote wawili."

Baba aliitazama kanzu iliyokuwa kwenye cherehani. Mama ndiye aliyejibu kutoka mlangoni. "Atakuja," alisema. "Kanzu zitangoja."

Alhamisi tulivuka Likoni, tukapanda gari la moshi la jioni, na Ijumaa asubuhi tulikuwa Nairobi. Baridi ilimshika baba mpaka akajitanda kanga ya mama juu ya koti, wala hakujali anayetazama. Yule kijana alitupokea akataka kutupeleka moja kwa moja kwenye ofisi ya kuandikisha. Baba akasema, "Kwanza jikoni."

Mpishi mkuu alikuwa mtu mzima, Mnubi wa Kibera, kofia ya kitani kichwani. Baba alimtolea salamu, akamwuliza anayotaka kuyauliza, na yule bwana hakumficha kitu.

"Nyama yatoka kwa bucha Mwislamu, na kuku nachinja mimi," alisema. "Lakini nisikudanganye. Asubuhi Wazungu hupikiwa nguruwe humu humu. Sufuria zake ni zile, na vijiko vyake ni vile, na anayezigusa ni yule bwana mmoja tu."

Baba alikwenda akazitazama zile sufuria, mikono nyuma. Aliporudi uso wake ulikuwa umelegea kidogo. Nadhani lau angeambiwa hakuna nguruwe kabisa asingeamini, na tungepanda gari la moshi kurudi siku ile ile.

Kisha akalishusha lile swali la pili, kwa sauti ya chini. Mpishi hakushangaa. Alisema Waislamu wa Kibera wana jamaa zao, wana msikiti, na anayewaosha wanawake ni mke wake mwenyewe.

"Nataka kumwona," baba alisema.

"Basi tukaswali Ijumaa, kisha twende kwangu."

Wakaondoka. Mimi niliachwa kwenye benchi nje ya ofisi ya kuandikisha, sanduku langu la bati miguuni. Karani wa mle ndani alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, na kila nilipochungulia alikuwa akitazama saa ya ukutani. Bila ya sahihi ya mzazi hakuweza kuniandika. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Yule kijana wa chuo alikuja, akaenda, akaja tena, akakaa kando yangu akinyoosha tai yake.

"Baba yako amepotea?" aliniuliza.

"Hapotei," nilisema, ingawa nilikuwa naogopa hivyo hivyo. Niliogopa zaidi kwamba atarudi na kusema hapana, nami nitapaswa kulibeba lile sanduku na kumfuata.

Karani alikuwa keshaifunika mashine yake ya chapa nilipomwona baba. Alikuwa anakatiza majani mbio, amepandisha kanzu mpaka magotini. Katika maisha yangu sikuwa nimemwona baba yangu akikimbia.

"Nimemwona," alisema akihema. "Ni mtu mzima, ana adabu, na ameniahidi. Kasema binti yangu akiumwa hata homa aletwe kwake. Nitie sahihi wapi?"

Alitia sahihi kwa herufi za Kiarabu, polepole, kutoka kulia. Karani aliinua miwani akaitazama.

"Hii ni sahihi gani?"

"Yangu," baba alisema.

Yule kijana akasogea. "Andika, mama," alimwambia karani. "Tafadhali, andika." Naye akacheka, akaugonga mhuri.

Nikaketi pale pale chini, sakafuni. Nilicheka na machozi yananitoka. Baba alidhani nimeumwa, akaanza kuuliza njia ya kwa yule mama wa Kibera.

Bwenini nilikuta chumba cha vitanda viwili, na cha pili hakikuwa na mtu hadi mwisho wa mwaka. Baba alikibonyeza kitanda changu kwa kiganja, akafungua dirisha, akalifunga. Kisha akaniambia jambo alilokuwa hajalisema tangu Msambweni. "Zile barua, unisamehe." Nikamwambia nimeshasamehe, na ilikuwa kweli tangu nilipomwona akikimbia.

Nilisoma nikamaliza, sikuumwa ila mafua, nikarudi Kwale kufundisha. Lakini kabla ya hapo, mwaka uliofuata, yule kijana wa chuo alimwandikia baba barua kwa Kiswahili. Kulikuwa na mzazi huko Mkwiro, ng'ambo ya Shimoni, aliyekataa katakata mtoto wake aende chuoni. Baba alifunga cherehani, akaenda mpaka Shimoni, akavuka. Alikaa huko siku mbili. Mama aliniandikia kwamba baba aliporudi alimwuliza imekuwaje, naye akavua viatu kwanza, akaketi.

"Wamekubali," alisema. "Walikuwa wanataka mtu wa kumwuliza tu."