Viroba vya Deo Vinashukia Kwangu

Admin, naomba jina langu ulifukie kabisa, maana mtaa wetu ni mdogo na mume wangu naye yumo humu humu anasoma.

Mimi ni mama wa miaka 33, nina watoto wawili, tumepanga Majengo hapa Mpanda. Kabla yetu nyumba hii alikaa kijana mmoja mchimbaji, nitamwita Deo, si jina lake. Alipohamia machimboni aliniomba kitu kimoja tu: "Dada, mama yangu yuko Karema, huwa ananitumia samaki kwa gari. Anajua hapa tu. Ukinipokelea nitakuwa napitia." Nikasema sawa. Jamani, kumpokelea mtu mzigo kuna ubaya gani? Hata namba yangu nikatoa apewe mama yake, kwa sababu huko machimboni mtandao ni wa kubahatisha.

Basi kiroba kikawa kinakuja kimeandikwa DEO MAJENGO na namba yangu chini, ndani migebuka mikavu na dagaa. Konda ananipigia, nakifuata stendi. Deo anapitia mwenyewe au anamtuma mwenzake, Masanja, ananiachia mboga ya watoto, tunaagana. Sasa mimi nilivyolelewa, chombo cha watu hakirudi kitupu. Kila kiroba nilikirudisha kwa yule yule konda na sukari kidogo, mche wa sabuni, siku nyingine majani ya chai. Mama akipokea ananipigia: "Asante mwanangu, Mungu akuzidishie." Anakohoa na kucheka hapo hapo. Nikampenda bila hata kumuona.

Mwezi uliopita akaja Masanja peke yake na begi mkononi. Nikajua kafuata mzigo, nikamtolea kiroba. Hakukishika. Alikaa chini pale mlangoni, mwanaume mzima, akaanza kulia. "Dada, Deo hatunaye. Shimo lilimfunika. Tumeshamzika."

Nilipiga ukelele. Nikamgombeza, mbona mmezika mtoto wa watu bila kuwaambia kwao? Akanishangaa. "Si ndiyo nimekuja? Kwao si hapa? Kila siku alikuwa anasema mzigo umefika nyumbani, Majengo." Akaniachia lile begi la nguo, akanipa pole ya kufiwa, akaenda zake. Nikabaki nimefiwa na mtu ambaye hata jina la baba yake silijui.

Jioni ile ile mama akapiga. "Kiroba kimefika, mwanangu?" Nikasema kimefika. "Deo amekula?" Mungu ni shahidi, nilifungua mdomo nimwambie. Nikasikia anakohoa, nikasikia kuku tu huko nyuma, hakuna sauti ya mtu mwingine. Nikajibu, "Amekula, mama." Nyie mtanitukana, nitukaneni tu, nimeshajitukana mwenyewe vya kutosha.

Mume wangu nilimwambia yote. Akawa mkali: "Habari ya msiba inapelekwa na ndugu. Wewe ni nani yake? Ukitokea Karema na begi la marehemu watakuuliza alifia mikononi mwa nani. Sitaki kesi za kulogana na watu, na hilo begi litoke humu." Nimelificha stoo, nyuma ya magunia ya mahindi. Nikamwomba konda angalau amtafute katekista wa huko, amfikishie mama kwa utaratibu. Konda akaruka kama kakanyaga moto. "Sista, mimi nabeba samaki. Msiba sibebi." Nikampeleleza mama mwenyewe kwenye simu, nikamuuliza hapo anaishi na nani. Akacheka. "Na nani tena? Baba yake alitangulia, ndugu zangu wamekwisha. Nimebaki na Deo wangu."

Na viroba havikuacha kuja. Nikikikataa, konda atamrudishia mkononi mbele za abiria, naye atajua hapo hapo. Nikikirudisha kitupu atauliza kulikoni. Kwa hiyo nikaendelea kutia sukari, tena kwa ile dhambi iliyokuwa inanitafuna nikawa naongeza, nikatia na kitenge. Samaki hawanipiti kooni, nagawa kwa majirani. Watoto wangu wanauliza mbona sisi hatuli, naishia kufoka.

Jana ndiyo nimeishiwa nguvu kabisa. Mama kapiga, furaha tupu. "Mwanangu, zamani nilijua ile sukari ni wewe unamsukuma Deo. Kijana gani anakumbuka sabuni ya mama yake? Lakini mwezi huu naona vimezidi, mpaka kitenge! Nikasema basi, mwanangu amekua. Nimewaonyesha majirani wote. Sasa nakuja nimbariki kwa mkono wangu, tiketi nimeshakata. Mwambie anipokee stendi."

Niliishia kusema, "Karibu, mama." Simu ilipokatika nikakaa chini jikoni, ugali ukaungua naunusa.

Gari la Karema linaingia kesho jioni. Mume wangu amesema nisitie mguu stendi, nizime simu, atachoka atarudi kwao. Kwao kwa nani? Hapa mjini hamjui mtu zaidi yangu, namba aliyonayo ni yangu tu. Nikimpokea, nimwambie pale pale kwenye kelele za wapiga debe, au nimlete nyumbani anywe chai kwanza, akae kwenye nyumba aliyodhani ni ya mwanaye, ndipo nimtolee begi? Na nikimleta, ndoa yangu nayo? Nyie mliowahi kupeleka msiba kwa mtu, mwanzo mnasemaje?

Nishaurini ndugu zangu, lakini iwe leo, kesho nitakuwa nimechelewa. Amesema kiroba cha Deo safari hii anakibeba mwenyewe.