Yai la Kupimia Chumvi

Kuku walikuwa wa wifi yangu, kwa hiyo yai la kupimia chumvi lilitoka kwake. Tulikubaliana hivyo tangu mwanzo, bila maneno mengi. Mimi nilikuwa na shamba la karoti na kabichi kule Mollo, shamba la marehemu mume wangu. Yeye alikuwa na kuku, mikono yenye nguvu, na maneno ya kumlainisha mwenye duka atuuzie chumvi kabla ya wengine. Alikuwa dada wa mume wangu, wamefuatana kuzaliwa. Katika ukoo mzima ni yeye peke yake ambaye hakuwahi kuniuliza narudi lini kwetu.

Wengine waliuliza, tena kwa upole, na upole wao ndio ulionichoma. Shemeji yangu mkubwa akija kusalimia, akishamaliza uji, lazima aulize kama wazazi wangu hawajambo, na kama hawajanikumbuka. Nilimwelewa vizuri. Mjane asiye na mtoto, ameshikilia shamba lenye maji karibu, atang'ang'ania mpaka lini? Nilimjibu kwamba nina kazi. Kazi yenyewe ilikuwa achari, na hiyo ndiyo niliyoitegemea inibakize pale.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Nyuma kidogo tulikuwa tunapanga foleni kwenye duka la ushirika tupate kipande cha sabuni, na mtu aliyevuka mpaka na gunia la maharage aliitwa mlanguzi. Mara tukaambiwa biashara ni huria, kila mtu auze alichonacho. Sumbawanga ikajaa vitenge, redio na watu wa Mbeya. Mmoja wa hao watu wa Mbeya alikuwa karani wa forodha, akiimba besi kwenye kwaya yetu. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba ng'ambo ya mpaka, Zambia, kuna mnunuzi anayetafuta mboga za chumvi kwa mapipa, azitie siki na viungo mwenyewe na kuziuza kwa chupa.

Mimi nilitaka kumpelekea achari kamili, ya siki na pilipili, ambayo nilijivunia sana. Karani akanicheka. Tukiwa tumekaa nje ya kanisa akanieleza kwamba forodha hawajali karoti imelimwa na nani. Wanachotaka kujua ni umeifanya nini. Ukishaitia siki, au ukaifanya iweze kuliwa pale pale, hicho ni chakula kilichotengenezwa. Kina fungu lake, kina ushuru mkubwa, na kina vibali vya afya vya kufuatwa mbali. Lakini ukiitia chumvi tupu, kali mpaka mtu ashindwe kuila bila kuiloweka kwanza, umeihifadhi tu isioze njiani. Kwa forodha hiyo bado ni mboga.

Nikamuuliza wanajuaje.

"Wanaonja, mama," akasema. "Akiitema, umepita. Akiimeza, umekwisha."

Nilicheka sana siku hiyo. Nilimsimulia wifi, naye akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Mimi na yeye, tuliosifiwa kwa mapishi, sasa tulikuwa tunatafuta sifa kwa kitu kisicholika.

Tulikata karoti, kabichi na pilipili, tukazipanga kwenye mapipa yenye maji ya chumvi, zikakaa mpaka zikatoa maji yake. Maji hayo hupunguza makali, kwa hiyo siku ya kufunga mapipa wifi aliongeza chumvi, akakoroga, kisha akatumbukiza yai lililotagwa asubuhi ile. Likizama, chumvi bado. Likielea na kutokeza kidogo juu, imetosha. Yai hatukulitupa. Tulilisuuza, tukalichemsha, tukaligawana nusu kwa nusu na kunywea chai, tumekaa juu ya kinu kilicholazwa. Katika ujane wangu, zile nusu za yai ndizo zilizokuwa raha yangu. Nasema hivyo bila aibu.

Kuonja, sikuonja. Hapa lazima nieleze, maana watu wa nyumba nyingine wataniona mjinga. Marehemu mama mkwe wangu alikuwa na sheria moja kali jikoni kwake: mwenzako akishatia chumvi, wewe huchovyi kidole. Kuchovya ni kumwambia mbele ya watu kwamba humwamini. Alinikanya hivyo siku za mwanzo za ndoa yangu, nikiwa nimeinama juu ya chungu cha maharage alichokuwa amekikoroga wifi, na wifi mwenyewe amesimama pale pale. Masikio yaliniwaka kwa aibu. Tangu siku hiyo sikuonja tena kitu kilichokorogwa na wifi, hata kiwe pipa la kwenda nchi nyingine.

Pipa la majaribio lilipita vizuri. Mnunuzi akatuma salamu: mzigo mkubwa wa kwanza ukifika kwa wakati na bila usumbufu, atakuwa anachukua kwangu tu, kila msimu. Nilimwambia shemeji habari hiyo kabla hajamaliza uji wake. Aliomba maji. Kwa mara ya kwanza aliondoka bila kuwaulizia wazazi wangu.

Siku ya kufunga mzigo ule, yai lilielea kuliko siku zote. Lililala ubavu juu ya maji, likayumba, nusu yake nje. Nikasema chumvi ya leo ni kali. Wifi akasema si ndicho tunachotaka. Tukapima pipa baada ya pipa kwa yai lile lile, na kila mahali likaelea. Tulipomaliza akalirusha kwenye shimo la taka, akasema lina ufa, halifai kuliwa. Nikanywa chai kavu. Niliona ajabu kidogo, basi, sikufikiri zaidi.

Mpakani, upande wa pili, afisa forodha alikuwa mtu mzima mwenye miwani, mpole. Alifungua pipa, akachukua kipande cha karoti, akakitia mdomoni. Nikasubiri ateme. Akatafuna. Akatafuna tena, akameza, akachukua cha pili.

"Nzuri sana, mama," akasema kwa Kiswahili cha kule. "Hii ningekula na nshima, ugali wetu."

Nilimwomba afungue pipa jingine. Akafungua, akala. Akafungua la mwisho, akala na kabichi. Alinieleza taratibu, kama anayempa mtu habari ya msiba, kwamba hii si mboga ya kuhifadhiwa, hiki ni chakula tayari, na vibali vya chakula sina. Ndipo nami nikachukua kipande. Chumvi ilikuwa ya kiasi cha kupikia, na ule uchachu wa mboga umeingia vizuri. Ilikuwa tamu. Sijawahi kuuchukia utamu kama nilivyouchukia siku ile.

Lori likageuza. Njia nzima kupitia Matai nilikuwa namtetea wifi moyoni. Labda chumvi ilikuwa mbovu. Labda mboga zilitoa maji mengi. Nilipofika nyumbani sikumwita. Nilikwenda kwa jirani, nikaomba yai la siku ile, nikalitumbukiza kwenye pipa la kwanza. Likazama mpaka chini. Nikavua khanga ya mabega, nikaingiza mkono, nikalitoa, nikalitia kwenye pipa la pili. Likazama. Mtu yeyote aliyefuga kuku anajua kwamba yai viza huelea hata kwenye maji ya kunywa, na wifi alikuwa na tetea aliyekuwa ameyasusa mayai yake. Nilikuwa nimemwona tetea huyo kwa macho yangu.

Bado nilitafuta namna ya kumsamehe: pengine aliokota yai bila kujua. Dereva ndiye aliyenimalizia. Alikuja kunipa pole, akasema afadhali yale mapipa mengine yamepita. Nikamuuliza mapipa gani. Akashangaa. Alidhani ni yetu sote. Alikuwa ameyapakia nyumbani kwa wifi baada ya safari yetu, akayavusha, na yule afisa mwenye miwani alionja karoti moja, akaitema, akaomba maji ya kusukutua. Mnunuzi akayapokea yote. Chumvi ambayo haikuingia kwenye mapipa yangu, basi, nilijua ilikokwenda.

Nililia. Sikulilia mzigo. Nililia zile nusu za yai, kwamba pengine tangu siku ya kwanza nilikuwa nazila peke yangu.

Ukoo haukuchelewa. Shemeji akaitisha kikao kuzungumzia shamba la Mollo, kwa kuwa kazi niliyokuwa nikiisema haikuonekana. Kikao kikawa nyumbani kwa wifi, aliyekuwa na nafasi na kuku wa kuchinja. Niliwaamkia wazee, wakaitikia. Kabla ya mazungumzo nilimfuata wifi jikoni, nikamuuliza lile yai lilitoka wapi.

Hakugeuka. Aliendelea kukoroga.

"Ungeonja, wifi," akasema. "Nani alikuzuia?"

Alijua ni nani aliyenizuia. Alikuwa amesimama pale pale siku nilipozuiwa, na aliyenizuia ni mama yake mzazi.

Chakula kikaletwa: ugali, kuku wa mchuzi, maharage. Tukanawa. Shemeji akanikaribisha nianze, maana siku hiyo nilikuwa nahesabiwa kama mgeni. Wifi alikuwa amepiga magoti akiweka bakuli la mchuzi mbele yangu. Sikumega ugali. Nilichovya kidole kwenye mchuzi wake, mbele ya ukoo wote, nikakipeleka mdomoni taratibu, nikaonja, huku nikimtazama usoni. Shangazi yao mzee akaacha kutafuna. Shemeji akainamisha kichwa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa, maana wote walilelewa na sheria ile ile.

Shamba walilichukua hata hivyo. Mchuzi, kwa kweli, ulikuwa umekolea chumvi sawasawa.