Plastiki Mbili, Jicho Moja

Wateja walimwita Mama Vioo, jina lisilo na ukweli wowote, maana kioo chenyewe hakuwa amekigusa kwa miaka mingi. Alikuwa fundi wa miwani, na siku hizi miwani ni plastiki. Nyuma ya pazia la kijani alikokuwa akisaga lenzi, alizijua plastiki zake hata kwa takataka zake: ya kawaida hutoa unga mweupe, ile ngumu, polikaboneti, hutoa nyuzi ndefu zinazong'ang'ania mikononi. Kila mteja alisomewa somo lote hili, atake asitake, mpaka wengine wakaanza kutazama saa.

Aliyekosa somo ni mmoja tu: mdogo wake, fundi wa mageti, mwenye jicho moja. Ndugu hupewa miwani na kuambiwa vaa, basi.

Asubuhi hiyo aliingia na vumbi la chuma mabegani, akaitupa miwani mezani.

"Dada, hii sijui umeiokota wapi. Miezi mitatu tu, ukungu mtupu! Na taa nikiitazama kwa pembeni naona rangi rangi. Nirudishie zile za zamani, zilikuwa safi kama maji."

Mama Vioo akaipeleka dirishani. Nyufa nyembamba zilikuwa zimetambaa lenzi nzima. Lenzi iliyochoka hivyo haiwezi kumkinga mtu.

"Unaifuta na nini?"

Akatoa kitambaa mfukoni. Harufu ya thina, ile ya kuchanganyia rangi ya mageti, ikajaa chumba.

"Thina! Miwani unaiogesha thina?"

"Nimefuta hivi miaka yote. Zile za zamani hazikulalamika."

Ni kweli, plastiki ya kawaida huvumilia thina. Ngumu haivumilii kabisa. Alitaka kumgombeza, lakini angemgombeza vipi kwa somo ambalo hakumpa?

"Hizo rangi ndivyo plastiki ngumu ilivyo, utazizoea," alisema. "Ukungu ni thina yako. Lakini za zamani sikupi."

"Kwa nini? Jicho si langu?"

Mama Vioo alichukua lenzi mbili kuukuu, moja ya kila aina, akazifunika kwa kitambaa na kuzipiga nyundo, moja baada ya nyingine. Ngumu ikabonyea. Ya kawaida ikavunjika vipande vyenye ncha.

Mdogo wake akaokota kipande kimoja, akakigeuzageuza. Miezi sita iliyopita diski ya grenda ya kukatia chuma ilipasuka, ikamvunjia miwani usoni, na jicho likaenda. Hakumlaumu mtu. Siku zote alisema diski ile ingevunja chochote.

"Siku ile nilivaa ipi?"

Ndilo swali Mama Vioo alilokuwa akilikimbia. Angeweza kusema hakumbuki, na angeaminiwa.

"Hiyo uliyoishika," alisema. "Ngumu nilikuwa nayo kabatini. Nilikupa ya kawaida kwa sababu ulipenda kuona safi, na mimi sikutaka kelele zako." Machozi yakamtoka. "Nisamehe, mdogo wangu."

Mdogo wake alikitazama tena kile kipande kwa jicho lake moja. Kisha akakiweka mezani taratibu, akakitupa kitambaa cha thina kwenye pipa, akavuta kiti cha wateja na kuketi.

"Haya, nisomee somo," alisema. "Lote, kama unavyowasomea watu baki."